Kitufe cha Jirani

Mawingu yalikuwa yamelala chini siku hiyo, futi 500 hivi kutoka ardhini, nami nilikuwa nimefurahi. Ruhusa ya kuruka kwa vipimo, yaani bila kuona nje, nilikuwa nimeipata miezi michache tu nyuma, na tayari nilishazoea mtindo mmoja: nikiingia wingu naiachia kazi otopailoti, mtambo unaojiendeshea ndege, mimi nabaki na redio na chati. Mwalimu alikaa kiti cha kulia kwa sababu nilimwomba anikague. Sikudhani kama nina tatizo.

Mwongoza ndege akanipa mwelekeo wa mwisho na ruhusa ya kuifuata ILS, mawimbi ya redio yanayoielekeza ndege hadi uwanjani. Nikabonyeza kitufe. Ndege ikageuka taratibu, ikaushika mstari wa uwanja, na mshale wa kushoto na kulia ukatulia katikati kama umepigiliwa msumari. Tulikuwa futi 2,000, kasi noti 100, yaani maili 100 za baharini kwa saa. Mshale wa pili, ule wa njia ya kushuka, ukaanza kuteremka kutoka juu ya kipimo. Ulipofika katikati nikapunguza nguvu ya injini, nikasubiri pua iiname.

Haikuinama.

Nilikuwa nimebonyeza NAV badala ya APR, vitufe vinavyokaa bega kwa bega. APR inafuata mstari pamoja na njia ya kushuka. NAV inafuata mstari wa kushoto na kulia tu; habari za kushuka haziihusu. Kwa hiyo otopailoti iliendelea kutii amri yangu ya awali: kaa futi 2,000. Na ndege ndogo kama ile haina mtambo wa kujiongezea nguvu ya injini. Mimi nimeipunguzia nguvu, yenyewe imekatazwa kushuka. Ikabaki na ujanja mmoja, kuinua pua. Ikaiinua kidogo kidogo, huku gurudumu la trimu, linaloipa pua mwelekeo wa kukaa bila kushikiliwa, likijizungusha lenyewe kando ya goti langu. Nililiona. Sikulitilia maanani.

"Mshale wa kushuka umekwenda wapi?" mwalimu akauliza, kama mtu anayeuliza saa.

Ulikuwa chini kabisa ya kipimo. Kasi, 74.

"Napaa tena, mwalimu."

Nikabonyeza kile kitufe chekundu cha kwenye usukani cha kuzima otopailoti, nikasukuma nguvu yote. Hapo ndipo nilipokutana na deni lililokuwa likilimbikizwa kimyakimya: trimu yote ilikuwa imeelekea juu, na injini ilipounguruma pua ikataka kwenda mbinguni. Mkono wa kushoto ulisukuma usukani mpaka kiwiko kikatetemeka, kidole gumba kikihangaika na swichi ya trimu. Mwalimu aliweka viganja mapajani, ila niliona vidole vyake vimekunjuka, tayari.

Tulipokaa sawa nikamwambia mwongoza ndege tunarudi, na safari hii nitashika mwenyewe. Sikuwa nikionyesha ushujaa. Nilikuwa nimeikasirikia mashine ambayo haikunikosea kitu.

Kutua huko kwa mkono kulikuwa kubaya. Kwa kasi ya noti 90 juu ya ardhi, njia ya nyuzi 3 inataka kushuka kama futi 450 kwa dakika. Mimi nilikwenda 300, nikaona nimechelewa, nikaenda 700. Mshale wa mstari ulinikimbia kulia, nikaufuata, ukavuka kushoto. Miezi ya kutazama mashine ikifanya kazi ilikuwa imeninyang'anya mikono. Lakini kila kosa nililijua lilipozaliwa, maana nililizaa mimi. Futi 400 na kitu wingu likapasuka, na taa za uwanja zikawa pale, kulia kidogo kuliko nilivyotarajia.

Otopailoti bado naitumia, hasa nikiwa peke yangu na redio haipumziki. Siku hizi sikiamini kidole. Nasoma kwa sauti maandishi yanayowaka kwenye kioo, hata abiria wakinishangaa.

Tulipozima injini mwalimu aliwasha umeme wa ndege tena. "Nionyeshe kitufe cha kutua kwa ILS."

Kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye APR.

"Basi unakijua," akasema, akazima umeme, akaanza kufungua mkanda.