Mama kaanika weda yangu kwenye michongoma

Juzi asubuhi natoka kuoga, hapa nyumbani Pasua, Moshi, naikuta weda yangu imetandazwa juu ya ua wa michongoma, miguu huku na huku kama mlevi aliyedondoka toka juu. Mama alikuwa ameshaifua. Sabuni ya unga, na ile brashi ya kusugulia sakafu. Alifanya kwa upendo kabisa, maana ilikuwa "inanuka samaki mpaka sebuleni". Sikupiga kelele. Nilisema ahsante Mama, nikaingia chumbani, nikakaa kitandani kupiga hesabu.

Paundi 340. Badilisheni wenyewe. Mimi nilipata mbuzi saba wa Krismasi, ikabaki na hela ya ndizi.

Kwa asiyejua, weda ni suruali isiyopitisha maji inayopanda mpaka kifuani, ina mikanda ya mabegani, na chini inaishia kwenye soksi nene za mpira ambazo unazivalia buti juu yake. Wazungu huivaa wakisimama mtoni na fimbo zao za kuvulia samaki kuanzia asubuhi hadi jioni. Ninakokaa mimi, Aberdeen kule Scotland, kwenye mto Dee, salmoni akishavuliwa hupigwa picha, kisha anarudishwa majini aende zake. Baba aliposikia hivyo aliuliza swali moja tu: "Sasa wanakula nini?"

Mimi sivui kwa starehe. Kazi yangu ni kuhesabu. Kiangazi maji yakipungua tunaingia vijito, mmoja anabeba mashine mgongoni, tunapitisha umeme kidogo majini, samaki wadogo wanalewa, tunawachota kwa wavu, tunawapima, tunawaachia. Mnaona wenyewe, umeme na maji. Weda kwenye kazi hii ndiyo inayokutenga na umeme.

Sasa mwajiri wangu wa kwanza alikuwa na weda za ofisi, za kuchangia kama majembe ya shule ya msingi. Za bei ya chini, na zilikuwa zimeshapita kwa watu ambao hata siwajui. Siku ya tatu goti la kushoto likaanza kuingiza maji. Nikasema. Nikaambiwa tumalize kwanza, zimebaki mita ishirini. Kwenye hizo mita ishirini nilisikia kama sisimizi wanapanda kutoka kwenye ugoko kwenda pajani, nikapiga ukelele, mashine ikazimwa. Hakuna aliyeniomba radhi. Kilichoandikwa kwenye fomu ni kwamba mfanyakazi hakukagua vifaa vyake. Vifaa vyake! Ninyi mnaotuma maombi ya kazi za nje na mnadhani kila kitu kule kimenyooka, liandikeni hilo mahali: kifaa ukipewa, kikague mwenyewe mbele yao, na ukikikataa, kikatae kwa maandishi.

Ndipo nikaenda kununua ya kwangu. Muuzaji wa kwanza aliniuliza namnunulia nani. Nikatoka. Duka la pili nilimkuta mzee mmoja ambaye hakuuliza kitu, alinitazama miguu tu, akasema chuchumaa. Nikachuchumaa. Panda kiti. Nikapanda. Ya kwanza ilinibana magotini, akaivua akaitupa pembeni kabla sijasoma bei. Alinieleza kwamba weda haifi kwa mawe, inafia kwenye mishono, hasa ya katikati ya mapaja inaposuguana ukitembea, kwa hiyo nitafute yenye mishono michache huko, iliyosogezwa mbele au nyuma. Kitambaa kiwe tabaka tatu juu, na nne au tano kuanzia mapajani kwenda chini. Na mkanda wa kiunoni nisije nikauacha nyumbani, kwa sababu ukianguka kwenye maji ya kasi ndio unaozuia weda isijae kama ndoo.

Za paundi 70 zilikuwepo. Wenzangu wawili walizinunua, wakanicheka. Ya mmoja ilimaliza msimu mmoja, ya mwingine haikuumaliza. Yangu ilikuwa inaingia msimu wa nne bila tone, mpaka ilipokutana na michongoma ya Pasua.

Tena hiki "kupumua" wanachokiandika kwa herufi kubwa msikinunue kwa upofu. Ndani ya kitambaa kuna utando wenye vitundu vidogo mno, tone la maji halipiti ila mvuke wa jasho unapita. Lakini mvuke unatoka vizuri pale ndani kunapokuwa na joto na unyevu kuliko nje. Scotland hewa ina baridi, unatembea kilomita tano na weda mwilini, unaivua ukiwa mkavu. Jana nimeivaa dakika kumi hapa Moshi, Desemba hii, nikaivua nimelowa kama niliyeingia mtoni bila weda. Kwa hiyo binamu yangu wa Chekereni anayetaka nimtumie moja ya shamba la mpunga, kaka, utapikika humo. Ila nakuelewa. Ninyi mnasimama kwenye majaruba peku msimu mzima, kichocho kipo na kinajulikana, na hakuna aliyewahi kuwachuchumalisha dukani.

Haya, turudi kwenye michongoma. Brashi na sabuni vimeondoa ile dawa ya juu inayofanya maji yaviringike yaanguke. Hilo halinisumbui sana, ipo ya kununua unapaka upya. Matundu ndiyo kazi. Nilinunua spiriti duka la dawa, nikageuza weda ndani nje, nikapaka. Palipotoboka panatokeza doa jeusi la ukubwa wa punje ya uwele. Nikahesabu tisa. Gundi yake nimeiacha Aberdeen.

Nikaipeleka kwa fundi baiskeli, karibu na soko la Mbuyuni. Hakuuliza ni nini. Aliufunga mguu mmoja kwa kamba ya mpira, akaingiza pampu juu, akapuliza mpaka ukawa kama mguu wa tembo, akauzamisha kwenye karai la maji meusi anamojaribia tyubu. Mapovu. Akatia alama kwa chaki. "Dada, kumi na moja." Nikamwambia mimi nimepata tisa. Akanionyesha mawili ya kisigino, ambayo sikupaka spiriti kabisa kwa sababu soksi ni nene nikaona haiwezi kutoboka. Akakwangua taratibu, akapaka solusheni, akabandika viraka vidogo kwa ndani, akavigonga na mpini wa nyundo. Mia tano kwa kiraka. Nilimpa elfu kumi, akanirudishia elfu tano, mia tano akanisamehe.

Ukweli ni kwamba sitaiingiza kwenye umeme. Hiyo itakuwa ya kutembelea mtoni na kupima kina, ya umeme nitanunua nyingine. Nitasubiri mwezi wa kumi, msimu ukiisha maduka yanashusha bei, na mnaokuja huko na vibarua vya nje vya msimu fanyeni hivyo hivyo, hata kwa makoti.

Usiku tunamenya ndizi, Mama akaniuliza lile suruali nililinunua bei gani, maana ameona nimelibeba kwenda kwa fundi kama mtoto mgonjwa. Nikamwambia elfu hamsini.

Akaweka kisu chini.

"Hamsini? Halina hata mfuko wa nyuma! Mwanangu, umepigwa. Kwenye mitumba ya Memorial ungelipata kwa kumi."