Maji ya mgongo hayawekwi kwenye friji

Joto la Mombasa likishika, kila kitu wodini kinakimbizwa kwenye friji: chanjo, insulini, damu ya kuongezewa. Kichupa cha maji ya mgongo, yaani maji yanayozunguka ubongo na uti, cha mgonjwa anayeshukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo nacho hufuata njia hiyo, hasa kikitolewa usiku. Hapo jibu linapotea. Meningokoka na Hemofilasi, bakteria wanaoleta homa hii, hawastahimili baridi. Wakifa kabla ya kufika maabara, karatasi inarudi imeandikwa hakuna kilichoota, na mgonjwa anachukuliwa kuwa hana ugonjwa alio nao.

Hata nje ya friji saa haisubiri. Chembe nyeupe aina ya nyutrofili hupasuka zikishatoka mwilini: katika joto la chumba, baada ya saa 1 karibu theluthi imekwisha, baada ya saa 2 karibu nusu. Kwa hiyo chembe zihesabiwe pale pale kwenye hadubini ya kituo, hata kama maabara ya kuotesha bakteria ni ya mbali. Sampuli inayotoka Likoni kwenda kisiwani ivuke feri katika kisanduku kikavu, mikononi mwa mtu anayejua amebeba nini. Kisanduku cha barafu kibaki na chanjo zake.

Vichupa 3 vinatosha, matone 15 hadi 20 kila kimoja. Cha mwisho kiwe cha kuhesabu chembe, kwa kuwa damu ya mshipa uliochomwa kwa bahati mbaya hupungua kadiri maji yanavyotiririka. Cha sukari kiwe na floraidi, inayozuia sukari isipungue njiani. Na sukari ya damu ipimwe wakati huo huo, jambo linalosahaulika mno. Maji yenye sukari chini ya 0.4 ya ile ya damu yanaelekeza kwa bakteria. Bila namba ya pili, ya kwanza haisomeki, hasa kama mgonjwa yuko kwenye dripu ya sukari.

Dawa haingoji maji. Mgonjwa aliyezama fahamu, anayepatwa na degedege, aliyelegea upande mmoja au anayepumua kwa shida asichomwe mgongoni kwanza. Atolewe damu ya kuotesha, apewe antibayotiki ndani ya saa 1, na mgongo usubiri atulie. Bakteria wanaweza kutoweka ndani ya saa chache baada ya dozi ya kwanza, lakini chembe, protini na sukari huendelea kusema kweli kwa muda zaidi. Kuchelewa si sababu ya kuacha.

Kosa linalotusumbua zaidi liko kwenye karatasi ya dawa: antibayotiki ya seftriaksoni, gramu 1 mara moja kwa siku. Hiyo ni dozi ya nimonia. Mtu mzima mwenye homa ya uti wa mgongo hupewa gramu 2 kila baada ya saa 12, mtoto mg 100 kwa kila kilo kwa siku, zikigawanywa mara mbili. Dawa hupenya kwenye ubongo kwa shida, na uvimbe ukipungua mlango unazidi kufunga. Ndiyo maana dozi haishushwi homa ikishuka. Mzee, mjamzito na mtoto mchanga huongezewa antibayotiki ya ampisilini, maana seftriaksoni haiui bakteria aitwaye Listeria.

Huku Pwani kuna mtego mwingine: kipimo cha malaria kikisoma chanya, watu hupumua. Mtoto aliyepoteza fahamu anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu na bakteria kwenye uti wa mgongo kwa pamoja. Atibiwe yote mawili mpaka maji yaamue.

Mgonjwa aliyepasuliwa kichwa, au mwenye mrija wa kutoa maji ubongoni, ni habari nyingine. Shingo, ambayo kwa kawaida hukakamaa katika homa hii, kwake inaweza isikakamae kabisa. Dalili huwa ni homa, uzito wa kuamka, maneno kuchanganyika. Bakteria wake ni wa hospitali: stafilokoka, Klebsiella, Acinetobacter. Seftriaksoni peke yake haimtoshi. Huanzishiwa antibayotiki nyingine: vankomaisini pamoja na meropenemu au seftazidimu, na mrija wenyewe mara nyingi hutolewa.

Jamaa wakisema, “Daktari, msimdunge mgongoni, atapooza,” wasikaripiwe. Waonyeshwe kwa kidole: usawa wa mifupa ya nyonga ndipo sindano inapoingia, na kwa mtu mzima uti wenyewe, kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa, umekwishia juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Mama akigusa mgongo wake mwenyewe huelewa upesi kuliko kwa hotuba.

Kabla ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani, masikio yapimwe, maana homa hii huweza kuharibu usikivu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2025 unataka kipimo hicho kifanywe kabla ya kutoka au ndani ya wiki 4. Kikichelewa, sikio la ndani linaweza kujaa mfupa, na kifaa cha kusikia cha kupandikizwa kisipate pa kuingia.