Nilivyojifunza kuwatambua nyuti wa kidimbwi changu

Mimi mzaliwa wa Tanga. Kwetu kitu chenye miguu minne na mkia kikiwa ukutani ni mjusi kafiri, kikiwa kando ya mto ni kenge. Basi mwezi Machi, muda mfupi baada ya kuhamia nyumba hii ya Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, nilimulika tochi kwenye kidimbwi cha bustani nikaona mjusi anatembea chini ya maji. Nikampigia mama simu usiku uleule.

"Mwanangu, mjusi hakai majini," alinijibu.

Mama alisema kweli. Yule alikuwa nyuti, ndugu wa salamanda, amfibia kama chura. Afrika kusini mwa Sahara hawapo kabisa, ndiyo maana hatukuwapa jina. Mjusi ana magamba na kucha. Nyuti ana ngozi tupu, hana kucha, na kila mguu wa mbele una vidole vinne.

Nyuti wa asili wa Uingereza ni aina tatu tu, nikadhani nitawajua kwa siku mbili. Ilinichukua zaidi ya mwezi, kwa sababu nilikuwa natazama mgongo. Mgongo hudanganya: nyuti huyohuyo leo ni kahawia, kesho amekuwa kama zeituni.

Madume hawana shida wakati wa kuzaliana. Dume wa nyuti wa kawaida, Lissotriton vulgaris, ana madoa meusi makubwa na kishungi chenye mawimbi kinachoanzia kichwani hadi mkiani bila kukatika. Dume wa aina ya pili, Lissotriton helveticus, ana miguu ya nyuma myeusi yenye utando kama wa bata, na ncha ya mkia wake imekatika ghafla ikaacha uzi mwembamba.

Walionihangaisha ni majike. Hawa wa aina mbili ndogo wote ni kahawia, hawana kishungi, hawana uzi, na ni nadra kuzidi sentimita 10. Niliketi pale na koti zito, giza likishaingia, nikiandika "sijui" kwenye daftari usiku hadi usiku. Kisha mzee mmoja jirani, aliyekulia kijiji hiki, akaniambia nitazame koo. Nililowanisha mikono kwanza, maana ngozi yao huumizwa na mikono mikavu au yenye sabuni, nikamtia jike mmoja kwenye chupa ya kioo yenye maji ya kidimbwi na kumtazama kwa chini. Koo lilikuwa na vidoa vyeusi, kama mtu amenyunyiza pilipili manga. Wa kawaida! Nikamrudisha kabla dakika haijaisha. Koo la helveticus halina doa, lina rangi ya waridi hafifu. Huyo nilikuja kumwona Wales, kwenye maji ya kina kifupi katika nyika yenye udongo wa asidi, mahali anapopapenda.

Katikati ya Aprili chupa niliiweka kabatini. Usiku huo, karibu na majani ya pembeni, alitokea mnyama mweusi, mnene, urefu wake kama sentimita 15, ngozi imejaa chunjua na ubavuni vidoa vyeupe vidogovidogo. Kishungi chake kilikuwa na meno kama msumeno, kikakatika pale mkia unapoanzia, na mkiani palikuwa na mstari wa rangi ya fedha uliong'aa kwenye tochi. Alikuwa Triturus cristatus, nyuti mkubwa wa kishungi. Alipopanda kuvuta hewa nikaona tumbo la chungwa lenye mabaka meusi. Mabaka hayo hutofautiana baina ya mmoja na mwingine kama alama za vidole vyetu.

Huyu analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981. Kumshika au kumsumbua bila kibali ni kosa la jinai, hata kama kidimbwi ni chako. Kwa hiyo ukishamwona, unabaki na tochi na macho yako. Nilipeleka taarifa kwa watunza kumbukumbu za viumbe wa eneo letu, nao wakaniomba tarehe, mahali na picha.

Nilipojua kwamba karibu nusu ya mayai ya nyuti huyu hufa kabla ya kuanguliwa, kwa kasoro ya kromosomu inayorithiwa na jamii yake yote, nilianza kuyaangalia majani yaliyokunjwa majini kwa jicho jingine. Jike hutaga yai mojamoja na kulifunga ndani ya jani kwa miguu yake ya nyuma. Sikukunjua hata moja. Rafiki alitaka kuniletea samaki wa dhahabu, nikamkatalia kwa heshima, kwa kuwa samaki huwala watoto wa nyuti.

Julai nilihesabu viluwiluwi saba wenye matamvua kama manyoya shingoni. Miguu ya mbele ilikuwa imetangulia kutoka, kinyume na viluwiluwi wa chura. Nikampigia mama tena, naye akauliza kwanza, "Koo zao je, umeziona?"