Jinsi nilivyompeleka mama kuona jua likizama Mto Pangani

Ukitaka kupanda chombo Pangani jioni, kila utakayemuuliza atakwambia uje saa 11, kwa sababu jua linazama kila siku. Mimi niliambiwa hivyo na watu watatu, mmoja wao mtu wa palepale mtoni, na nikawaamini. Naandika haya ili mwingine asiamini.

Nimekulia Korogwe. Mto unaopita kwetu tunauita Ruvu, na ndio huohuo Mto Pangani, ila kila mahali una jina lake. Mama yangu amechota maji yake tangu akiwa msichana. Unakotoka anakujua, maana kule kwetu hata mtoto anajua ni maji ya Kilimanjaro na Meru yanayokutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Unakoishia ndiko hakuwahi kukuona. Sasa ana miaka 70 na kidogo. Siku moja anapepeta mchele, akasema kama anajisemea mwenyewe: "Mto huu nimeunywa maisha yangu yote, na mlangoni mwake sijafika." Sikumjibu kitu, lakini usiku ule nililala nimeshaamua.

Tulifika Pangani mwezi wa nane. Kijana mmoja tuliyetafutiwa na watu wa nyumba ya wageni akatuambia, "Njooni saa 11, dada, jua litakuwa zuri." Chombo chake kilikuwa ngalawa, lile gogo la mwembe lililochongwa likafungwa matengo, ile miti ya kulizuia lisipinduke, pande mbili. Ngalawa ni chombo kizuri kwa mvuvi. Kwa bibi wa miaka 70 mwenye magoti mabovu si chombo, maana tumbo lake ni jembamba, na mama alikaa amekunja miguu kama aliyewekwa ndani ya mtungi.

Tukapandisha tanga. Upepo ulikuwa wa bahari, unatusukuma kwa nyuma kuelekea juu ya mto, na maji yalikuwa yanachemka puani mwa ngalawa. Nikafurahi, nikasema tunakwenda. Upande wa Bweni, ng'ambo ya mji, palikuwa na mnazi umepinda kama mtu anayeokota kitu, nikauweka alama. Baada ya robo saa nikageuka kuutafuta nyuma. Haukuwa nyuma. Ulikuwa ubavuni mwetu, palepale. Maji yanachemka, tanga limejaa, kijana anapiga kafi jasho linamtoka, na sisi hatujasogea urefu wa chombo chenyewe. Ndipo nikatazama mtoni vizuri: makumbi ya nazi, majani, povu, vyote vinatupita vinakwenda baharini mbio. Bahari ilikuwa inapwa, maji yanatoka mtoni, na yalikuwa katikati ya kutoka kwake, pale yanapokuwa na nguvu kuliko wakati wowote.

Kijana alikuwa na moyo, siwezi kumnyima hilo. Akashusha tanga, akaingia pembeni ambako mkondo ni mdogo, akachukua pondo akaanza kutusukuma taratibu kando ya mikoko. Kuona jua linakaribia kuzama na hatujafika popote, akatuingiza kwenye kijito katikati ya mikoko ili angalau tuone ndege. Ndege tuliwaona. Jua hatukuliona. Lilizama nyuma ya miti, sisi tumo ndani kama tumefungiwa chumbani. Na alipotaka kugeuza, tengo la kulia likashika mizizi ya mkoko, la kushoto likakaa juu ya tope, na tumbo la ngalawa likatulia. Tukapwelewa.

Akachomeka pondo ili asukume, pondo likazama kwenye tope hadi nusu, na kulitoa ilikuwa kazi nyingine. Nikataka kushuka nisukume kwa mikono. Akanishika bega: "Usishuke, dada. Mto huu una mamba." Basi tukakaa. Maji yakaendelea kutukimbia, tope likawa linaonekana zaidi kila nikitazama, linang'aa kwa mwezi uliokuwa juu, na kaa wakaanza kutoka mashimoni wakinyanyua gando moja. Kuna visamaki vinavyotembea kwa mapezi juu ya tope. Kimoja kilipanda mzizi mkono mmoja kutoka kwa mama, kikatukodolea macho yake yaliyotoka juu ya kichwa. Mbu wakaja kama walioitwa. Tulikuwa na pakiti moja ya karanga na nusu chupa ya maji. Mama alijifunika kanga kichwa na miguu. Hakulalamika hata mara moja, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko mbu.

Ilikuwa karibu saa 4 usiku nilipoona jani. Lilikuwa limelala juu ya tope tangu tulipokwama, na sasa lilikuwa linazunguka polepole, kisha likaanza kwenda ndani, kuelekea juu ya mto. Ngalawa ikanyanyuka upande mmoja, ikalala, ikanyanyuka tena. Tulirudi mjini watu wamelala.

Asubuhi nilikwenda kununua samaki wa kukaanga karibu na kivuko, nikamsimulia mama muuzaji huku nikijikuna mikono. Hakunipa pole kwanza. Aliuliza, "Jana mwezi mwandamo ulikuwa wa ngapi?" Nikahesabu siku tangu ulipoandama: kumi na mbili. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, mwezi kumi na mbili maji yanajaa saa 8 mchana. Saa 11 yanatoka mbio. Nani kakupeleka juu saa hizo?" Akanifundisha akiwa anageuza samaki: kila siku maji huchelewa kujaa, si saa nzima, kama dakika 50 hivi. Ukifika mwezi kumi na tano yanajaa saa 10 na kitu jioni. Hapo chombo kinapanda na maji yanayoingia, kinashuka na maji yanayotoka, na jua linazama ukiwa katikati. Maneno machache kuliko hayo niliyoandika, na ndiyo yaliyokosekana kwa watu watatu walioniambia nije saa 11. Zilibaki siku mbili tu kufika kumi na tano, lakini ruhusa yangu ya kazini ilikuwa imekwisha. Nilirudi Korogwe nimekasirika njia nzima.

Mwezi uliofuata sikumuuliza mtu. Nilichukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, nikazungushia kumi na nne, kumi na tano na kumi na sita, nikalinganisha na ratiba ya maji kujaa na kupwa ya Tanga iliyomo kwenye simu. Vikakubaliana. Bamvua, yaani maji makubwa kama hayo ya mwezi kumi na tano, huja pia mwezi unapoandama, na saa zake ni hizohizo, kwa hiyo hata siku hizo safari itakwenda vizuri; ila hutakuwa na mwanga wa kurudia, na kwa mtu mzima mimi nataka mwanga. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: jioni ndipo maji yamekupwa. Usiende.

Safari hii nilitafuta mwenyewe chombo, mashua pana yenye mbao za kukalia, nahodha mzee. Nilimsalimu, nikamweleza nataka kuondoka saa 9 alasiri. Hakushangaa. Akasema, "Kumbe unajua." Nusura nicheke kwa furaha. Bei tulielewana kwa chombo kizima, si kwa kichwa, elfu 60 na kitu, na ukiweka chai yake labda ilifika 70. Jaketi okozi niliziona kwa macho kabla sijatoa shilingi. Na kama una mzazi, mpeleke msalani dakika za mwisho kabisa, maana chomboni hakuna namna.

Saa 9 maji yalikuwa yamepanda hadi ngazi za juu, mashua iko sawa na ukingo, mama akaingia kama anavyoingia sebuleni kwake. Mara ya kwanza tulimbeba kwenye matope. Tanga likapanda, upepo nyuma, maji nayo yanaingia pamoja nasi. Nikautafuta mnazi wangu uliopinda. Mama alikuwa bado anajifunga kanga vizuri, na mnazi umeshapita.

Kwenda ni kuelekea magharibi, kwa hiyo jua la alasiri linakupiga usoni. Mtandio au kofia ni lazima. Mzee alikuwa msemaji. Alituonyesha ng'ambo, upande wa Kikogwe, ambako mkonge wa kwanza ulipandwa mwaka 1893 wakati wa Wajerumani, ule mkonge ulioujaza mkoa wetu mzima mashamba. Kuhusu Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889 alizungumza kwa sauti ya chini kama msiba wa juzi. Mama alisikiliza yote, lakini macho yake yalikuwa majini.

Tulipofika mbali ndani, minazi pande zote mbili, mama akachovya vidole akaonja. Akakunja uso. "Mbona chumvi, huku ndani?"

Mzee akamjibu, "Zamani huku watu walikunywa, bi mkubwa. Sasa maji ya juu hayaji kwa nguvu, mabwawa na mashamba yanayameza, na bahari inapanda. Mashamba ya huku yanaingiwa na chumvi. Nyinyi wa juu mnatubania."

"Sisi tunachota kwa ndoo, mzee wangu," mama akasema. "Wanaobana si sisi."

Mzee akacheka, lakini si sana. Mimi nilibaki nikiwaza. Mto ambao kwetu tunauona mwingi hata tunauogopa masika, huku chini wanauhesabu kwa upungufu wake. Kwa jambo hilo peke yake safari ilinifaa.

Karibu saa 11 maji yakasimama. Ukitaka kujua yamesimama, tafuta kitu kinachoelea: kumbi la nazi lilikuwa ubavuni mwetu halijui liende wapi. Mzee akakunja tanga, akageuza chombo, akasubiri. Hakupiga kafi. Dakika kadhaa kumbi likaanza kwenda, nasi tukaanza kwenda nalo, kimya kabisa, hakuna injini, hakuna tanga linalopiga, ni usukani tu mkononi mwa mzee.

Hapa kuna jambo ambalo sikuambiwa na yeyote, nililifikiria mwenyewe usiku wa kuamkia safari, na najivunia. Ukirudi unaelekea mashariki, kwa hiyo jua linazama mgongoni mwako. Watu wanakaa wakitazama omo, mbele ya chombo, kama walivyokuja, kisha wanageuza shingo safari nzima. Mimi nilimhamisha mama mapema, maji yaliposimama na chombo kimetulia, nikamkalisha uso ukielekea tezi, nyuma ya chombo, mgongo wake umeegemea mfuko wa nguo niliouleta kwa kazi hiyo. Akawa anarudi kinyumenyume, mto wote na jua lake viko mbele yake.

Jua lilishuka hadi likagusa vichwa vya minazi. Maji ya Pangani ni ya udongo, si ya kung'aa. Yalikuwa rangi ya chai isiyo na maziwa, kisha yakaingia wekundu kuanzia mbali, yakaja hadi chini ya mashua. Yangeyange walikuwa wanarudi kulala kwenye mikoko, makundi kwa makundi, weupe, wanapita chini karibu na maji. Katikati ya mto kuna kaupepo, mbu hawakutufikia. Mama hakusema neno. Mkono wake ulikuwa juu ya goti langu, na nilijua hajausahau pale, ameuweka.

Jua lilipokwisha nilimgusa: "Mama, geuka sasa." Mzee akamshika mkono, akageuka polepole. Mwezi ulikuwa umetoka baharini, mzima, uko juu ya maji mbele yetu, na mji wa Pangani umeshawasha taa kushoto. Siku ya kumi na tano unapata vyote viwili kwa nauli moja.

Nilimwomba mzee asisimame ngazini kwanza. Akatupitisha kidogo mbele, akikumbatia ukingo, hadi pale kilima cha Bweni kinapokwisha na bahari inafunguka. Hakuvuka zaidi, alisema mafungu ya mchanga ya pale si ya kuchezea maji yakitoka. Mawimbi tuliyasikia. Mama aliinama akaonja tena.

"Hapa ndiyo mwisho wake?"

"Ndiyo mlango, bi mkubwa."

Alinyamaza. Kisha akauliza kama maji aliyochota juzi asubuhi Korogwe yameshapita hapa, na mzee akafikiri kweli kabla ya kumjibu kwamba pengine bado yako njiani.

Tanga likapandishwa kidogo, upepo wa bahari ukaturudisha kando ya ukingo. Ngazi tatu za chini zilikuwa zimeshatoka majini na zina utelezi, hivyo usifike baada ya saa 1 usiku ukiwa na mtu mzima. Mama alishuka akiwa ameshikwa na watu wawili, kanga yake imelowa pindo. Juu ya ngazi alisimama, akamuuliza mzee mwezi ujao siku ya kumi na tano itaangukia lini, maana ana dada yake Mombo ambaye naye hajafika.