Nilivyounganisha wahandisi, watu wa afya na watafiti wa jamii katika utafiti mmoja wa maji

Nilipokabidhiwa uratibu wa utafiti kuhusu usalama wa maji ya kunywa majumbani, nilikuwa nimepima maji kwa miaka mingi, lakini sikuwahi kuongoza watu wanaoyatazama maji hayo kwa jicho tofauti na langu. Timu yetu ilikuwa na pande tatu. Sisi wahandisi tulisimamia vifaa vya kutia klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji, kwenye vituo vya kuchotea maji. Wenzetu wa afya ya jamii walifuatilia ugonjwa wa kuhara kwa watoto walio chini ya miaka 5. Na wale wa sayansi ya jamii walitaka kufahamu ni nani ndani ya kaya anayeamua juu ya maji ya kunywa, na kwa nini watu huacha kutumia dawa ya maji waliyoianza kwa moyo mmoja. Kwenye andiko la kuombea fedha pande hizo zilikaa pamoja vizuri. Uwandani kila upande ulishika njia yake.

Kwa miezi mitatu ya mwanzo kila kundi lilikusanya data kivyake, kwa ratiba yake na kwa fomu zake. Siku tulipojaribu kuziunganisha ndipo nilipoona ukubwa wa kosa langu. Wahandisi walikuwa wameandika namba ya kituo cha maji, watu wa afya namba ya mtoto, na watafiti wa jamii walikuwa wametumia majina ya kubuni ili kulinda siri za waliohojiwa. Hapakuwa na safu hata moja ya kuniwezesha kusema kwamba maji haya niliyoyapima ndiyo aliyokunywa mtoto huyu, na kwamba mama huyu aliyehojiwa ndiye aliyeyahifadhi. Baadhi ya sampuli zilichukuliwa wiki mbili baada ya wazazi kuulizwa habari za mtoto, ilhali klorini iliyomo kwenye maji hubadilika kwa saa, si kwa wiki. Tulikuwa na tafiti tatu ndogo ndani ya jalada moja. Nilisimamisha kazi, jambo lililoniuma kwa sababu fedha ya utafiti huhesabiwa kwa siku, nikaomba tukae mezani kwanza.

Mezani tulianza na neno moja: kutumia. Kwangu mimi, kaya ilikuwa inatumia dawa ya maji ikiwa klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, iliyobaki kwenye maji ya kunywa haikupungua miligramu 0.2 kwa lita, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kwa maji yanapomfikia mtumiaji. Kwa mwenzangu wa afya ya jamii, ilikuwa inatumia ikiwa mhojiwa alijibu kwamba aliweka dawa ndani ya siku 7 zilizopita. Mtaalamu wa sayansi ya jamii hakuridhika na fasili yoyote kati ya hizo mbili. Alitueleza kwamba zipo kaya zinazotia dawa kwenye maji ya mtoto peke yake, zipo zinazotia mvua zinapoanza na maji kuingia tope, na zipo ambazo mmoja hutia na mwingine humwaga kwa sababu ya harufu. Siku mbili nzima zilikwisha kwenye neno hilo, na sijutii hata saa moja. Tuliamua kuwa na safu tatu badala ya moja, yaani kipimo, jibu na mazoea, na tukakubaliana kwamba hakuna atakayeandika neno "kutumia" peke yake popote kwenye ripoti. Kuhara kulikuwa rahisi zaidi, kwa kuwa fasili ya choo chepesi mara 3 au zaidi ndani ya saa 24 inajulikana na wote. Kaya tuliifasili upya kuwa ni watu wanaokunywa kutoka chombo kimoja cha kuhifadhia maji, kwa sababu chombo hicho ndicho kiini cha swali letu.

Kisha ukaja mjadala ambao nisingeufikiria kamwe: lipi litangulie, swali au kipimo? Mazoea yetu wahandisi ni kuchota sampuli mara tu tunapokaribishwa. Unajaza maji mililita 10 kwenye kichupa, unaponda ndani yake kidonge cha DPD, kemikali ya kuonyesha klorini, unatikisa, na klorini ikiwapo maji yanageuka waridi mbele ya macho ya kila mtu. Rangi hiyo lazima isomwe upesi, kwa kuwa ikicheleweshwa hukupa jibu la uongo. Mtaalamu wa sayansi ya jamii alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Mhandisi, hicho kichupa chako kinahoji watu kabla yangu." Alikuwa na haki. Mama akishaona maji yamegeuka waridi, au yamebaki meupe huku jirani akitazama, majibu yake yanayofuata ni majibu ya kujitetea au ya kupendeza wageni. Tuliweka utaratibu kwamba mahojiano yatatangulia, kichupa kitafuata, na fomu ya mahojiano itafungwa kabla kidonge hakijapondwa, ili mkusanyaji wa data naye asishawishike kurekebisha alichoandika. Ziara zilifanywa bila kutoa taarifa ya siku, na hilo tulilieleza wazi wakati wa kuomba ridhaa mwanzoni kabisa, kwa sababu kumshtukiza mtu ambaye hakukubali kushtukizwa ni kumvunjia heshima. Kamati ya maadili ilihitaji maelezo ya ziada juu ya kipengele hicho, tukayatoa.

Utaratibu mpya ulizaa matunda kwenye nyumba moja ambayo sitaisahau. Mama wa nyumba hiyo alijibu kwa utulivu kwamba hutia dawa kila siku, akaeleza kipimo sahihi na muda sahihi wa kusubiri, dakika 30. Nilipoponda kidonge, maji hayakubadilika rangi hata kidogo. Zamani ningeandika kwamba jibu lake si la kweli na kuondoka. Safari hii mwenzetu wa jamii alibaki na kumwomba amwonyeshe jinsi anavyofanya, hatua kwa hatua, tangu maji yanapoingia ndani. Mama aliinua ndoo iliyotiwa dawa na kuimimina kwenye chombo kikubwa ambacho robo yake ilikuwa bado na maji ya jana, kwa sababu hawezi kumwaga maji aliyoyahangaikia. Nilipitisha kidole kwenye ukuta wa ndani wa chombo kile, nikahisi utelezi. Ute wa namna hiyo ni makazi ya vijidudu, na pamoja na uchafu mwingine wa asili ya viumbe huila klorini mpaka isibaki kitu. Mama alisema kweli, na kichupa nacho kilisema kweli. Kwa fomu zetu za awali, kaya hiyo ingehesabiwa kushindwa kwa elimu ya afya, wakati tatizo lilikuwa kwenye chombo, na chombo ni kazi ya mhandisi.

Daktari wetu naye alinizuia nisifurahie mapema. Pale ambapo klorini ilitosha na mtoto bado aliharisha, alinikumbusha kwamba kimelea cha Cryptosporidium hustahimili klorini kwa kiwango tunachoweka kwenye maji ya kunywa, na kwamba mtoto hupata vijidudu pia kwa mikono na chakula.

Upande wa takwimu ulitugharimu. Kaya zinazochota kituo kimoja hufanana, kwa hiyo huwezi kuzihesabu kana kwamba kila moja inakupa habari mpya kabisa. Ukichukua kaya 20 kwa kila kituo, na mfanano wa kaya za kituo kimoja, kwa kipimo cha 0 hadi 1, ukiwa 0.05, unazidisha sampuli kwa 1 + (20 − 1) × 0.05, yaani 1.95. Karibu mara mbili! Wahandisi wengi, nami nikiwemo, hatukufundishwa hesabu hiyo, na niliona afadhali kupunguza idadi ya maswali kuliko kupunguza kaya.

Katika siku hizo niliwasimulia wasaidizi wetu habari za kipindupindu cha Broad Street jijini London mwaka 1854. Wengi huzijua kwa jina la daktari John Snow, aliyeonyesha kwamba vifo vilizunguka pampu moja. Lakini alikuwepo pia kasisi kijana, Henry Whitehead, aliyezijua familia za mtaa ule na ambaye alianza kazi akiamini Snow amekosea. Ni yeye aliyegundua habari za mtoto mchanga aliyeugua mapema katika nyumba iliyo kando ya pampu, na maji ya kufulia nepi zake kumwagwa kwenye shimo la maji machafu. Mpimaji aitwaye York alipofukua, alikuta matofali ya shimo hilo yameoza na maji machafu yakivujia kisimani. Nadhani simulizi hiyo iliwasaidia wasaidizi wetu zaidi ya mafunzo yote niliyowaandalia, kwa sababu baada yake waliacha kuniuliza kazi hii ni ya kundi gani.

Kuandika makala kulichukua muda, hasa kwa kuwa kila fani ina desturi yake ya kupanga majina ya waandishi, lakini mpangilio huo tulikuwa tumeuandika na kuusaini tangu wiki ya mezani.

Tulipomaliza tulirudisha matokeo kwa kaya zenyewe, pande zote tatu tukiwa pamoja. Mama yule wa chombo chenye utelezi, ambaye sasa alikisugua kila anapokijaza, alituuliza, "Nikitia dawa jioni, nguvu yake inaisha saa ngapi?" Tulitazamana, kwa kuwa tulikuwa tumepima kila nyumba mara moja tu kwa kila ziara. Swali hilo ndilo la kwanza kwenye andiko jipya tunaloliandaa, na safari hii fomu ni moja.