Silene dioica yangu ilikuwa haitoi mbegu

Misimu miwili mfululizo mimea yangu mitatu ya Silene dioica, lile ua la porini la Ulaya lenye rangi ya waridi na lililo ukoo mmoja na kaneshoni, ilichanua vizuri bila kutoa hata mbegu moja. Nikalaumu nyuki. Nikachavusha mwenyewe kwa brashi. Wapi! Maua yakanyauka na kudondoka.

Mwishowe nikapasua ua kwa wembe, nikalitazama kwa lenzi: nyuzi 10 zenye chavua, ovari hakuna. La pili, hivyo hivyo. La tatu pia. Kumbe mmea huu ni kama mpapai, dume shina lake na jike shina lake, na mimi nilikuwa na madume matupu.

Nikaotesha miche mingine. Ilipochanua nikatafuta majike: katikati vijiti 5 vyeupe, na kikombe cha chini kimetuna. Nikayahamishia karibu na madume. (Ukiona unga wa zambarau iliyoiva badala ya chavua, hiyo ni kuvu, ng'oa, maana hulifanya hata jike lionekane dume.)

Vibumba vya mbegu vilipokauka vilifunguka kwa meno 10 yaliyojikunja nje. Nikakitikisa kimoja kiganjani, mbegu nyeusi zikamwagika.