Q bila U: jinsi nilivyoyatia kichwani maneno ya Scrabble

Anayecheza Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi, anaijua adha ya Q. Iko moja tu katika vipande 100, ina alama 10, na karibu kila neno inamoingia inataka U ije nyuma yake. U zenyewe ni nne. Zikishatoka zote, Q inakukalia kwenye kibao chako cha herufi hadi mpinzani amalize herufi zake, na hapo wewe unakatwa 10, yeye anaongezwa 10. Pengo la 20 bila mtu kuandika neno. Nimeona mechi nyingi zikienda hivyo.

Wenzangu wa klabuni walinipa orodha ya maneno ambayo Q haihitaji kufuatwa na U, wakaniambia niyakariri kama namba za simu, habari za maana niachane nazo. Hoja wanayo: Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 na Kifaransa hakizungumzi. Lakini Richards ni Richards. Mimi neno nisilolijua maana linanitoka kabla sijafunga daftari.

Basi nikaketi na kamusi, neno moja moja. Sikufika mbali kabla sijaanza kucheka. QADI ni kadhi. TALAQ ni talaka. WAQF ni wakfu, FAQIR ni fakiri, QIBLA ni kibla, FIQH ni fikihi, NIQAB ni nikabu. Na QAT, neno linalookoa watu wengi kwa sababu ni la herufi tatu tu, ni miraa, au mirungi ukivuka mpaka wa Tanzania. Maneno wanayoyaona Waingereza kuwa ya ajabu nimeyasikia tangu utotoni, na kadhi yumo hata ndani ya Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 170. Ukiacha miraa, yote haya kwa hisani ya Kiarabu, kilichogawa maneno yale yale huku na huko. Ajabu ni kwamba alfabeti yetu ya Kiswahili haina Q kabisa.

Ila si kila K yetu inageuka Q, na hapo ndipo chuo cha Kurani kilinifaa kwa namna ambayo maalim hakuitarajia. Kiarabu kina kafu mbili: moja ya mbele, kama K yetu, na nyingine, qaf, inayotoka nyuma kabisa karibu na koo. Tulipokuwa wadogo makharija, yaani mahali pa kutolea kila herufi kinywani, yalitutoa jasho. Kiswahili kimezichanganya zote kuwa K, lakini aliyepita chuoni bado anazisikia. Kwenye kadhi, talaka na wakfu asili yake ni qaf, kwa hiyo Q inakubalika. Kwenye wakili na kafiri ni kafu ya mbele, na Kiingereza kinaandika VAKIL na KAFIR, Q haigusi. Kipimo hicho kilinipunguzia kazi ya kukariri kwa zaidi ya nusu.

Faida nyingine sikuitegemea. Kwa kuwa Kiingereza kiliyachukua maneno haya nyakati tofauti na kwa mikono tofauti, kiliyaandika kila namna. CADI, KADI na QADI, zote halali. KAT, KHAT, QAT, vilevile. FAKIR na FAQIR, BURKA na BURQA. Nikishika K naandika hivi, nikishika Q naandika vile. Halafu kuna QADI na QAID: herufi ni zile zile nne, zimepangwa upya tu. Wa kwanza anahukumu, wa pili ni kiongozi au kamanda wa Afrika Kaskazini. Ubao ukikataa kumpokea mmoja, mjaribu mwenzake. Majina ya nchi usijaribu. IRAQ na QATAR hazikubaliki hata ulie.

Yaliyobaki hayakuwa na jamaa nyumbani, nikayapanga kwa nchi. China kuna QI, nguvu ya uhai inayozunguka mwilini, na QIN, ala yao ya nyuzi. Waebrania wana QOPH, jina la herufi yao. Kutoka kwa watu wa barafu kule kaskazini kuna UMIAQ, mashua ya ngozi. Iran kuna QANAT, mfereji wa maji uliochimbwa chini ya ardhi. Afrika Kusini kuna MBAQANGA, muziki wa mjini ambao jina lake kwa Kizulu ni chakula cha unga wa mahindi. Hilo nililishika siku ile ile, sijui ni kwa sababu ya muziki au ya ugali.

Mezani lakini, neno linalonilipa kuliko yote hayo ni QI. Ndilo pekee la herufi mbili lenye Q, kwa hiyo nikivuta Q silali macho: naitafuta I na kuitunza. Hesabu yake ni tamu. Q ikikaa kwenye mraba unaozidisha herufi mara tatu, huku ukisomeka QI kwa mlalo na QI kwa wima, kila upande unatoa 31, jumla 62, na umetumia vipande viwili tu vya kwako kwa kuwa I ya pili ilishakuwepo ubaoni. Watu hutafuta maneno marefu ya kujivunia wapate pungufu ya hapo.

Ndiyo maana marefu sikuhangaika nayo sana. QINDARKA, senti za Albania, na QIVIUT, sufu laini ya mnyama wa nchi za baridi, nimeyaandika daftarini na maana zake. Bado sijapata nafasi ya kuyaweka ubaoni.